Munyiva wa Rangi Nyeusi na Shati la Samawati

Ni asubuhi sokoni Kitengela na moshi wa kuni umeshatanda kona nzima. Munyiva Muthama ameshika mti mrefu kwa mikono miwili, anakoroga pipa kama mtu anayesonga ugali wa harusi. Ndani ya pipa maji yanatokota, meusi tititi. Anainua mti, suruali inaibuka ikidondosha matone. Anaikagua, anaguna, anairudisha.

"Hii bado. Imeshika juu juu tu," anasema. "Mwenyewe akifika, akunywe chai kwanza."

Mikono yake ni myeusi hadi viwikoni. Sabuni za kila aina amejaribu, mafuta ya taa amejaribu, wapi! Kanisani akimsalimia mgeni, mgeni huyo huchungulia kiganja chake kwa siri kabla ya kuketi. Munyiva humwona. "Usiogope, haishiki watu," humwambia akicheka. "Inashika nguo tu."

Kazi yake ni kurudishia uhai nguo zilizopauka. Jua la huku halina huruma, na mtu wa mshahara mdogo hanunui suruali kila mwaka. Suti ya mchungaji, koti la askari wa geti, sketi ya shule iliyorithiwa na dada watatu, zote huletwa kwake zikiwa kama majivu na kuondoka kama zimetoka dukani jana. Nguo moja ni shilingi thelathini, koti ni hamsini. Siku nzuri humpa unga, mboga na akiba kidogo ya karo ya binti yake, Mumo. Siku mbaya humpa kikohozi cha moshi.

Rangi anayotia ni moja tu, nyeusi. Wanaoitaka ndio hawafanani.

Jirani yake Yurub, anayeuza vitambaa kibanda cha pili, humletea buibui kila Idi ikikaribia. "Ikipauka naonekana kama sina watu," asema Yurub. "Kwetu hii ni heshima. Wallahi, huyu mama ananisitiri."

Mteja wa aina nyingine ni Naisiae, mama wa Kimaasai kutoka upande wa Isinya. Siku ya kwanza alipofika na furushi la shuka akitaka zote ziwe nyeusi, Munyiva, aliyelelewa Ukambani, alijua moja kwa moja kwamba nyumba hiyo imepata msiba mkubwa. Akauacha mti, akamshika mkono, akamwambia pole sana, Mungu atawafariji.

"Pole ya nini?" Naisiae alishtuka. "Mtoto yangu ametahiriwa! Yeye na wenzake wanavaa nyeusi mpaka wapone. Mimi niko na sherehe, wewe unaniambia pole?"

"Nilitamani ardhi ipasuke niingie," Munyiva anasimulia, na hapo anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Tangu siku hiyo wawili hao ni marafiki. Naisiae akipita soko humsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya!" kutoka mbali, naye Munyiva hujibu "Iko!" kwa lafudhi ya Kikamba inayochekesha soko lote. Ni Naisiae aliyemweleza kwamba Mungu mwema wa wazee wake ndiye mweusi, kwa sababu mvua huja na mawingu meusi. Ule ukame wa mwaka 2000, ng'ombe walipokuwa wakianguka kando ya barabara ya Namanga, wanawake hao wawili walikuwa wakisimama kando ya pipa na kuangalia juu, wakitafuta angani rangi ileile iliyokuwa ikichemka chini.

Lakini wapo wanaokuja na nguo za matanga. Hao Munyiva huwajua kabla hawajafungua mdomo, maana hawaulizi bei. Huwatangulizia nguo zao, hata kama mchungaji mwenyewe amepanga foleni.

Na ni nguo ya matanga iliyomtesa mwaka huu wa 2002.

Mumewe, Muthama, alikuwa fundi wa mawe. Walihamia Kitengela mwaka wa 1994, wakati ploti zilipokuwa zimeanza kuuzwa na kila upande palisikika nyundo. Mvua kubwa ya mwisho wa 1997 ikasimamisha ujenzi wote. Baada ya miezi ya kukaa bure, Muthama akasikia kuna vibarua Magadi, akafunga mfuko mdogo, akaondoka. Shati lake zuri la samawati, alilonunua Mumo alipobatizwa, lilikuwa limefuliwa asubuhi hiyo na bado lilikuwa linatona maji kwenye kamba.

"Akasema wacha likae, atalirudia mwisho wa mwezi," Munyiva anasema.

Hakurudi. Hakuandika, hakutuma mtu. Munyiva alimfuata mwaka uliofuata kwa lori la mchanga. Anakumbuka joto la kukata pumzi, na weupe wa magadi. "Kule ardhi ni nyeupe, viatu vya watu ni nyeupe, kila kitu. Nikauliza, nikauliza. Mmoja ananiambia alimwona, akaenda upande wa Tanzania. Mwingine ananiambia huyo si Muthama, ni mtu mwingine. Nikarudi vile nilienda."

Ndipo akakumbuka mama yake mzazi, aliyekuwa akipaka rangi katani za vyondo kwa magome na mizizi. Akatafuta pipa, chumvi na rangi ya unga, akaanza kazi.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mama mkwe wake, Kavata, alishuka kutoka Kibwezi na magauni mawili meupe ndani ya leso.

"Hili langu, hili lako," alisema. "Yatie pipani, Mama Mumo. Tumlilie mtoto wangu."

"Mwaitu, mama, hatujaambiwa amekufa."

"Na hatujaambiwa yuko hai. Mimi nimezeeka. Nataka kulia nimalize."

Munyiva alitafuta kila sababu. Mara rangi imeisha, mara kuni ni mbichi, mara kuna suti ya mchungaji ya Jumapili. Kavata hakubishana. Alikuja sokoni kila siku, akakaa juu ya debe kando ya moto, magauni magotini. Shemeji mmoja akapeleka maneno nyumbani kwamba Munyiva ana roho nyeusi, anamkatalia mama wa watu hata machozi. Maneno hayo yalimfikia, na yalimuuma sana.

"Hawajui hii rangi vile mimi naijua," anasema, sauti ikishuka. "Nguo ikishaingia hapo, hata ufanye nini, haitoki nyeupe tena. Sasa ningevaa hiyo, halafu?"

Mwishowe alipiga moyo konde. Alilichukua gauni la Kavata akalitumbukiza. Alilikoroga kuliko nguo yoyote aliyowahi kukoroga, akaongeza chumvi, akaongeza rangi, lisije likapauka upesi likamwaibisha mama huyo. Alikoroga huku akilia, na waliopita wakadhani ni moshi. La pili alilikunja akalirudisha kwenye leso.

Kavata aliliona. Aliligusa lake likiwa bado na joto.

"Limeshika vizuri," akasema. "Basi wewe mngoje. Mimi nitamlilia. Akirudi anikute nimevaa hili, anicheke."

Kisha akaenda zake Kibwezi, na leso yenye gauni jeupe akaiacha juu ya debe.

Nyuma ya kibanda cha Munyiva sasa kuna pipa jipya, limefunikwa kwa gunia. Ole wake atakayelisogelea na tone la rangi nyeusi! Hilo ni la samawati. Anasema shule nyingi za huku zimechagua sweta za rangi hiyo, kwa hivyo wateja hawatakosekana. Ni hesabu ya kibiashara kabisa, na anaieleza kwa mkazo, mpaka Yurub anamwita kutoka kibanda cha pili: "Waambie ukweli, wewe!"

Munyiva anapangusa mikono kwenye aproni, ingawa anajua haisaidii. Ukweli ni kwamba shati la Muthama limening'inia ukutani karibu na dirisha miaka yote hii, na jua limelikula mabegani bila hata kuvaliwa. Rangi ya unga ikifika kutoka Nairobi, nguo ya kwanza kuingia pipa hilo itakuwa lile shati. Hataki mwenyewe alikute limepauka.

"Alisema mwisho wa mwezi," anasema, akiushika tena mti wake. "Hakusema mwezi gani."