Kitambaa cha Pili

Boti lilikuwa juu ya magogo, ubavu wake umepauka kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Sikuwahi kugusa faiba, ile plastiki ngumu ya maboti. Miaka thelathini na minane nimeng'arisha makabati, vitanda na meza za watu.

"Mzee Kabati," fundi mkuu wa karakana aliniita. Jina hilo alinipa asubuhi ileile. "Ubavu huu mmoja ndio mtihani wako. Mwenye boti anakuja saa kumi. Ukitoka vizuri, kazi unayo. Ukiharibika, njia ya kurudi unaijua."

Niliijua. Ilikwenda kwa binti yangu. Tangu mama yake afariki, sasa ni mwezi wa nne, wimbo wake ni mmoja: "Baba, rudisha funguo za watu, uje ukae kwetu. Peke yako utakula nini?" Nikamwambia nitapata kazi. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na nane.

Nyumba yetu ni vyumba viwili vya kupanga. Ndala za marehemu bado ziko nyuma ya mlango. Kwa binti yangu hakuna mlango wa kuziweka.

Fundi mkuu akanionyesha mara moja. Kwanza dawa ya kusugulia, kwa mashine. "Usiitulize mahali pamoja, itaunguza." Halafu osha, kausha. Mwisho nta. "Nta unapaka, unafuta. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Kupaka na kufuta aniambie mimi?

Mashine ilinitetemesha mpaka meno. Mchomeleaji wa boti la jirani akainua kinyago chake.

"Mzee, ishike hiyo! Itakutia majini na nguo zako!"

Nikaibana kwa mikono yote miwili. Saa saba ubavu ulikuwa umeanza kung'aa. Nikauosha, nikaukausha. Nikachukua kopo la nta na kitambaa, nikaanzia mbele. Duara, duara, hatua. Duara, duara, hatua. Mkono ukapata mwendo wake wa zamani. Kwa mara ya kwanza siku ile nikapumua.

Nilipofika nyuma nikauliza, kama nilivyozoea, "Huko vipi?"

Kimya.

Nikageuka. Ubavu mzima ulikuwa mweupe pe, nta imekauka juani.

Mimi hupaka. Aliyekuwa akifuta ni marehemu mke wangu. Alinifuata hatua tatu nyuma na kitambaa kikavu, miaka yote. Sikuwahi kufuta hata kiti.

"Mzee Kabati, ndiyo chokaa hiyo?" Mchomeleaji alikuja akicheka. Akasugua kwa kidole gumba. Kicheko kikamkauka. "Imeshika hii."

"Saa ngapi?"

"Nane na robo."

Nikasugua. Kitambaa kiliteleza tu. Nikabonyeza kwa nguvu zote, bega likalia. Weupe haukusogea. Pembeni kulikuwa na kisu cha kukwangulia rangi. Nikakishika. Mchomeleaji akatikisa kichwa.

"Ukikwaruza hapo, mzee, ndio basi."

Nikakirudisha.

Nikawaza mambo ya mbao, maana ndiyo ninayoyajua. Vanishi ya spiriti ikikauka vibaya, unapaka mbichi juu yake. Mbichi inailainisha kavu. Lakini hii si vanishi. Nikatafuta mahali pa chini kabisa, pasipoonekana. Nikapaka nta mpya, kiganja kimoja tu. Nikahesabu tatu. Nikafuta.

Ikatoka yote, kama utando wa maziwa.

Nikaanza upya kutoka mbele, kipande cha urefu wa mkono. Mkono wa kulia unapaka, wa kushoto unafuta. Wa kushoto haukuijua kazi hii. Uliacha michirizi, nikarudia. Saa tisa nilikuwa sijafika katikati. Mchomeleaji aliacha kazi yake, akawa ananitajia saa. Nikamwambia anyamaze.

Gari la mwenye boti liliingia saa kumi kasoro dakika tano. Vilibaki vipande viwili.

Mwenye boti alitembea kando ya ubavu, kiganja juu yake, polepole. Akaviona.

"Na hapa?"

"Sijafika hapo."

Fundi mkuu akatazama ule weupe, akanitazama mimi. Alielewa kwamba nta niliiacha ikauke. Nikapaka mbele yao, nikahesabu, nikafuta. Nikarudia. Kipande cha mwisho kilipotoka, mwenye boti akainama, akaiona tai yake humo, akainyoosha.

"Ubavu mwingine lini?"

"Kesho," fundi mkuu akajibu. Mwenye boti alipoondoka, akanisogelea. "Mzee, umenitia presha. Kesho nikupe mtu wa kufuta nyuma yako?"

"Hapana," nikasema. "Nipe kitambaa cha pili."

Binti yangu alipiga simu jioni.

"Baba, umekula?"

"Funguo nabaki nazo," nikamwambia.