Diski Iliyorudishwa Safi

Ukipita kwenye kibanda cha Chanceline karibu na soko la Rumonge, pale wanapochapa barua na kutoa fotokopi, utamkuta ameinamia kazi yake bila maneno mengi. Watu husema ana maringo. Waseme. Hawajui alichotendewa, na hata aliyemtendea hajui, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo.

Kibanda alikifungua na mumewe, Akonkwa, walipovuka kutoka Uvira. Akonkwa alikuwa mwalimu wa kwaya, mwenye sauti nzito. Mapafu yalipoanza kumshinda, alijifungia chumbani na kompyuta yake akawa anajirekodi. Alikuwa akimsemesha binti yao Bora, ambaye wakati huo alikuwa bado anatambaa: habari za babu zake, nyimbo, mizaha, hata maonyo kuhusu wanaume. Alipofariki, Chanceline hakuthubutu kufungua rekodi hata moja. Alijiambia atasikiliza akipata nguvu.

Nguvu hazikuja upesi. Siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu viligawanywa kama ilivyo desturi, na kompyuta ikaenda kwa mdogo wake Roger, mwenye duka la kuwekea watu filamu na muziki kwenye simu kule Nyanza-Lac. Siku hiyo mjane habishani. Chanceline alikaa mkekani akatazama nyaya zikikunjwa.

Miaka ikapita ndipo akampigia Roger simu, akaomba diski peke yake, ile iliyomo ndani ya mashine. Hakusema ni ya nini. Kumwambia shemeji kwamba umeikumbuka sauti ya mumeo ni aibu ambayo hakuwa tayari kuibeba. Laiti angeibeba.

Roger, mtu wa watu, aliileta mwenyewe, imefungwa vizuri ndani ya kitenge, pamoja na samaki wa ziwani, mikeke ya kukaanga. Akala, akacheka na mtoto, akaondoka.

Chanceline alikuwa ameshaanza kuunda mashine yake mpya. Kasha lilikuwa la zamani, bodi ililetwa kutoka Bujumbura, na kadi ya kumbukumbu ya mashine alitafutiwa na Jephté, fundi wa simu na kompyuta upande wa pili wa barabara. Akafunga diski mahali pake, akamwita Bora.

"Humu ndani iko sauti ya papa yako," akamwambia. "Utaisikia."

Akabonyeza. Feni ikazunguka, ekrani ikawaka, kisha yakatokea maandishi meupe kwamba hakuna diski ya kuwashia. Akazima, akawasha tena, yakarudi yale yale. Akabadilisha waya. Akahamisha waya kwenye tundu jingine la bodi. Akaingia kwenye mipangilio, na huko jina la diski lilikuwepo, kwa hiyo haikuwa imekufa. Akaitanguliza mbele ya vingine vyote ili mashine ianzie kwayo. Bado.

Jephté akaja, akajikuna shingo. "Bodi ni mupya, diski ni ya zamani. Pengine haviskilizane. Tuweke sistemu mupya, itawaka sasa hivi."

"Ukiweka mupya utafuta vyote."

"Kidogo vitapotea, ndiyo."

"Basi acha. Usiiguse."

Alimkatalia hivyo kwa siku nzima, akiilinda ile diski kama yai. Mwishowe Jephté akaleta flashi yake yenye sistemu, wakaiwasha mashine kwa flashi ili wachungulie tu ndani ya diski bila kuigusa. Ikafunguka. Hakukuwa na sistemu. Hakukuwa na sauti. Kulikuwa na filamu, za mapigano na za mapenzi, zimejaa mpaka hakuna nafasi ya kuongeza hata picha moja.

Chanceline akampigia shemeji yake.

"Eeh, Mama Bora, uliona vile nilikuwekea?" Roger alikuwa na furaha ya kweli. "Ilikuwa na mavitu ya zamani mingi, nikaiosha yote. Siwezi kukurudishia chombo kichafu, tena bila kitu ndani. Utaangalia mpaka uchoke."

Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Ukirudisha sahani ya mtu unaiosha, unaweka kitu juu yake, na mwenye sahani anashukuru.

"Murakoze, shemeji," akasema Chanceline, akakata simu. Angemwibia ingekuwa afadhali. Mwizi unaweza kumlaani.

Jephté alijaribu programu ya kufufua vilivyofutwa. Ikasaga kutwa nzima bila kurudisha kitu, maana filamu zilikuwa zimekalia kila mahali. Kama Roger angekuwa bahili kidogo, pengine wimbo mmoja ungebaki.

Jioni ile Chanceline alienda uani kukaanga ndizi. Aliporudi alimkuta Bora mbele ya mashine, amefungua filamu mojawapo, ya wale wazungu wanaopigana huku mwanamume asiyeonekana akiwatafsiria kwa Kiswahili. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mizaha.

"Mama," Bora akauliza bila kugeuka, "huyu anayeongea ndiye papa?"

Chanceline aliweka sahani ya ndizi chini. Hakujibu, na mtoto akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo, akasogeza kiti karibu ili asikie vizuri.