Vichupa Vilivyotoka Kwenye Friza

Katika nyumba ile ya kijijini Wambaa, barafu ilikuwa heshima. Bimkubwa mwenye nyumba alitoka kwenye ukoo uliowahi kumiliki mikarafuu ya upande mzima, na sasa alikuwa amebakiwa na baraza pana na friza moja nyeupe. Aligandisha asumini ndani ya mabakuli kwa ajili ya sharubati za harusi, na maua yale yalionekana mle ndani yamefunguka vilevile kama yalivyochumwa. Wavuvi aliwapa barafu ya samaki, wenye homa aliwapa ya kuweka kwenye paji la uso. Mgeni akiletewa maji bila kipande cha barafu, basi ajue hapendwi.

Mimi barafu niliiogopa. Ni muuguzi, na kila mwezi nilikuwa nikienda kuchanja watoto barazani pake nikiwa na kisanduku changu cha baridi. Chanjo ya surua inavumilia kuganda. Ile ya pajani, ya kukinga dondakoo na pepopunda, ikiganda imeharibika, na haitoi harufu wala haibadilishi rangi. Mtoto anachomwa, analia, anarudi nyumbani bila kinga, na mama yake analala usingizi akijua amemkinga.

Siku hiyo niliacha kisanduku barazani, ndani yake vichupa vya ile ya pajani tu, nikaenda kwa sheha kumwomba awatangazie watu. Sheha akanishikilia mpaka nile. Niliporudi, kinamama walikuwa wameshajaa, na bimkubwa alikuwa ameinama juu ya kisanduku anarudisha vichupa kimoja kimoja.

"Vimetoka wapi hivyo?"

"N'livitia frizani, mwanangu. Niliona barafu yako inayayuka, nkasema dawa ya watoto isije ikapata joto. Sasa vipo baridi, vyote."

Nikamkemea. Mwanamke makamo ya mama yangu, nyumbani kwake, mbele ya wageni wake, nilimkemea kama mtoto aliyemwaga maziwa. Akakaa kitini, akajivutia mtandio usoni. Hasira yangu nyingi ilikuwa juu yangu mwenyewe, maana ni mimi niliyekiacha kisanduku bila kufunga, lakini aliyeipokea ni yeye.

Dawa ndani ilikuwa majimaji, lakini ingeweza kuwa imeganda ikayeyuka, na ipo njia ya kujua. Nilivitikisa vichupa, nikavipanga mezani na kuanza kungoja. Chanjo nzima hukaa na weupe wake kwa muda mrefu. Iliyoganda huzama upesi, maji yakabaki juu na vumbi chini.

Nikiwa nangoja, mama mmoja kijana akanisogelea, mtoto mgongoni.

"Dokta, mimi nichomee wangu kwanza. Baba yake hataki chanjo. Leo kenda Mkoani, atarudi alasiri. Hajui kama n'mekuja."

"Subiri kidogo."

"Nikisubiri nitamkuta nyumbani."

Nikatazama mezani. Kichupa cha kwanza kilikuwa kimeanza kuwa cheupe chini na maji juu. Cha pili hivyohivyo. Mkono wangu ulikuwa umeshachana karatasi ya bomba la sindano, na naona haya kusema kwamba uliendelea kulishika. Nani angejua? Bimkubwa angepona aibu yake, kinamama wangeondoka wameridhika, na binti huyu angewahi nyumbani. Nikangoja vichupa vilivyobaki.

Dawa ya vyote vitano ilizama.

"Dawa imeharibika," nikawaambia. "Kosa ni langu, sikufunga kisanduku. Rudini Alhamisi."

"Si lake," bimkubwa akasema ndani ya mtandio. "N'meigandisha mimi."

Wengine walinung'unika, wengine wakaniombea Mungu, na wote wakaanza kufunga watoto mgongoni. Yule binti hakunung'unika. Alikuwa ameshashuka ngazi nilipomfuata njiani.

"Alhamisi utakuja?"

"Alhamisi baba yake yupo."

"Basi twende sote sasa hivi. Mimi nitazungumza naye, nitamweleza vizuri."

"Usije," akasema. "Ukija atajua n'likuja."

Akatazama jua, akafungua fundo la kanga na kutoa kadi ya kliniki ya mtoto, imekunjwa mara nne.

"Nna hofu ataiona. Kaa nayo weye."

Akaenda zake kwa haraka, karibu akimbie. Nilisimama pale na kadi mkononi. Mahali pa kuandika chanjo ya siku ile palikuwa patupu, na mpaka leo pamebaki vilevile.