Asubuhi Mwape Alipotolewa Mchangani

Nilipokuwa msichana mdogo pale Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ya sabini, wajawazito wa ufukweni walikatazwa kumgusa yule samaki asiye na magamba anayepiga mkono wa mvuvi ganzi mpaka begani. Ukimgusa, walisema, mtetemeko wake unahamia kwa mtoto aliye tumboni.

Mdogo wangu Mwape alitetemeka. Wenzake walipokimbia yeye aliyumba, na mkono wake ukitafuta tonge ulipita sahani ukashika hewa. Mama yetu alikuwa mgeni, Mkongomani wa Pweto aliyevuka ziwa na wauza samaki akaolewa kwetu, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kutafuta mwenye kosa mwingine. Wajomba wa baba wakakata shauri. Mwape afukiwe hadi kiunoni kwenye mchanga wa majini, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka ziwa limwondolee ule mtetemeko. Akitoka akatembea sawasawa, yamekwisha. Akianguka, mama arudi kwao na mtoto wake huyo, na mimi niliye mzima nibaki nisaidie kazi. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Kambo, ndivyo tulivyomwita nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyeitwa kufanya kazi hiyo. Alikuwa dada mkubwa wa wajomba hao, akiishi kisiwani Chisenga, na hakuwahi kumwona Mwape akitembea. Alimkuta amebebwa mgongoni, akaagiza abebwe hivyo hivyo, asikanyage chini mpaka siku ya mwisho.

Asubuhi zile nazikumbuka nusu kama ndoto. Ukungu ulikuwa mzito, ziwa na mbingu rangi moja, na mashua za kutoka kuvua zilitokea zikielea hewani bila maji chini yake. Mwape, nusu yake ikiwa ndani ya ardhi, aliviimbia vidole vyake. Alidhani ni mchezo, na mimi dakika nyingine nilitamani kufukiwa pamoja naye, maana palionekana pana raha.

"Mama Mwape, sema kweli," Kambo alimwambia mama huku akishindilia mchanga. "Ile samaki uliikamataka?"

"Hapana, mama. Shikuikamate hata siku moya."

"Bon. Mutoto atatuonyesha."

Siku ya mwisho wajomba walikuja, na mashua ya kwenda Pweto ilikuwa ikingoja. Kambo alimtoa Mwape, akamwosha miguu, akamwachia. Mwape akaenda kwa mama, miguu imeachana, viwiko juu, kichwa upande, anacheka. Alikuwa kama mtu anayetembea ndani ya mashua ambayo sisi hatukuiona. Kisha akaanguka kifudifudi.

Mjomba mmoja aliinua furushi la mama, akaelekea majini. Nililia kwa sauti.

"Acha ile muzigo," Kambo alisema. Alikuwa ameketi mchangani ghafla, mikono kichwani. "Huyu ni Chola."

"Chola nani?"

"Ndugu yetu. Ninyi mulikuwa hamuyazaliwa. Alikuwaka anatembea vile vile, mikono juu, na kucheka. Nilimubeba ku mugongo mpaka akakufa. Na mama yetu alimuzala mbali na hii maji, samaki hata kuiona hakuiona." Akamtazama mama. "Hii kitu ni ya nyumba yetu. Huyu mwanamuke hana kosa."

Furushi likashushwa. Hakuna aliyemwomba mama radhi, na hilo linanikera hadi leo. Alimpangusa Mwape mchanga usoni, akaenda kuwasha moto wa uji.

Mwape alitutoka akiwa msichana, amechoka lakini bado anacheka. Miaka mingi baadaye nilimweleza daktari mmoja jinsi alivyotembea. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba, kwa ninavyosimulia, huenda ulikuwa ugonjwa wa kurithi ambao mtoto huupata kwa baba na mama pamoja, hata wenyewe wakiwa wazima kabisa. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nipate muda wa kufikiri. Ikiwa ni hivyo, sehemu moja ilitoka Pweto.

Kambo hakujua hilo. Mbele ya wadogo zake alijitwisha yote, hata nusu isiyokuwa yake, na kwa sababu hiyo nilikua nikilala nyumba moja na mama. Mama sikumwambia. Alikuwa amezeeka pale pale Nchelenge, na alipomtaja Kambo, bado alimwita mama.