Nguzo Isiyo na Mwenyewe

Eufrasia wa Ngokolo kazi yake ni kuiombea kampuni ya simu vibali vya kufunga antena kwenye nguzo za taa za barabarani. Nguzo moja, kwenye mji mdogo wa machimbo, ilimsumbua miezi saba. Halmashauri walisema ni ya watu wa umeme. Watu wa umeme wakasema ni ya watu wa barabara, nao wakamrudisha halmashauri. Aliamkia mabosi mpaka shikamoo ikamkauka mdomoni.

Jumatatu lori la mawe ya dhahabu likaiangusha. Eufrasia akakuta ofisi zote tatu zimeleta magari, zinaigombania ili zilipwe fidia na mwenye lori.

"Hii mali yetu!"

Akaikalia nguzo, hoi, akatoa fomu yake ya kibali.

"Haya, mwenye nguzo asaini hapa."

Wote wakarudi kwenye magari yao.