Mama Mdogo wa Ilala

Mwanangu alipofika madarasa ya juu ya skuli ya serikali, yale ambayo Kiingereza kilisomwa kila siku, wenzake wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Huyu alikuwa dukani anapima mchele, yule bandarini, mwingine kawa boi kwa Mzungu. Wakati ule wa Mwingereza, mvulana aliyejua kusoma kidogo alipata kazi hata kabla ya kuota ndevu, na wazazi wengi tuliona hilo linatosha.

Nilikuwa nakaa Kariakoo, chumba cha uani katika nyumba ya shangazi yangu. Mume wangu alikuwa ameniacha na kwenda kuoa Tanga. Nilipika vitumbua, na mwanangu ndiye aliyebeba sinia sokoni asubuhi, akauza, ndipo aende skuli. Akichelewa alichapwa. Mwishowe akachoka na viboko, akawa haendi kabisa. Mimi nilidhani yuko darasani, kumbe anashinda Msimbazi akishusha magunia ya nazi.

Aliyenieleza ni mwalimu wake. Alikuja jioni moja, akakaa barazani, akasema mtoto ana akili na akiacha sasa hatapokelewa tena. Yeye na mkewe walikuwa Ilala, Mungu hakuwajalia mtoto. Akaomba kijana akae kwao siku za masomo, aje kwangu Jumamosi. Nikakubali, tena nikamshukuru sana.

Jumamosi ya kwanza mwanangu aliingia amevaa kanzu iliyonyooka kwa pasi. Nilimvuta karibu nikamnusa. Alinukia udi. Nguo nilizomfulia mimi zilinukia mafuta ya kukaangia, siku zote.

Nikamuuliza nani kampigia pasi.

"Mama mdogo," akasema.

"Mama mdogo yupi? Mimi sina mdogo wangu."

Akacheka, akasema mke wa mwalimu ndivyo anavyopenda kuitwa. Chakula changu akakila nusu. Usiku nilimsikia akimsimulia shangazi jinsi mama mdogo anavyopika wali wa nazi, punje moja moja. Nililala nimegeukia ukuta.

Ikawa hivyo kila juma. Mama mdogo kasema tusile huku tumesimama. Mama mdogo kasema maji yachemshwe. Nilianza kumchukia mwanamke ambaye sikuwa nimeonana naye hata mara moja. Nikanunua pasi ya mkaa iliyokwisha kutumika, nikaunguza mkono wa kanzu, na mwanangu akaniambia kwa upole nisijisumbue, itapigwa huko. Huo upole ndio ulioniuma. Kisha Jumapili moja, mawingu yametanda, akasimama mlangoni akasema, "Ngoja niwahi nyumbani, mvua isinikute."

Nyumbani. Alikuwa na maana ya Ilala.

Kesho yake alasiri nikajifunga kanga, nikaenda. Nilimkuta mke wa mwalimu ukumbini, amekaa mkekani anachambua mchele, na mwanangu mbele yake anasoma kitabu kwa sauti. Alisoma Kiingereza. Yule mwanamke hakujua hata neno moja, niliona usoni mwake, lakini mtoto akisita alimwambia, "Rudia hapo." Naye alirudia. Mimi sikuwa nimewahi kumwambia anisomee chochote.

Alinikaribisha vizuri, akaniita dada. Alikuwa mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Sikuketi. Nilimwambia nimekuja kumchukua mwanangu.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mchukue, dada, ni wako. Lakini wawili waliokaa humu kabla yake walichukuliwa hivihivi, na hakuna aliyerudi skuli hata mmoja. Wala hawapiti kunijulia hali."

Nikamjibu, "Wa kwangu atarudi. Utamwona."

Njia nzima mwanangu alitembea mbali nami. Alibeba vitabu vyake kifuani na kuangalia mbele. Nilijua anadhani nimemtoa kwa ajili ya sinia, na huko Ilala wanadhani hivyo hivyo. Basi asubuhi iliyofuata sinia nikaendelea kulibeba mwenyewe, kama nilivyofanya alipokuwa Ilala. Nilipika mapema zaidi, nikamwamsha, nikamlisha, nikatoka naye. Nilipita njia ya skuli na vitumbua kichwani, nikamwona anaingia, ndipo nikaenda sokoni, ambako wanunuzi wa mwanzo walikuwa wamekwisha kula kwa wengine. Watu walisema nampenda sana mwanangu. Nilimpenda, ndiyo, lakini miguu yangu ilisukumwa na yule mwanamke. Kila nilipotamani kusema leo baki unisaidie, nilimwona mkekani ananisubiri nishindwe.

Jioni nilimwambia anisomee. Alisoma bila furaha mwanzoni. Nikawa namwambia, "Rudia hapo," naye akaniangalia, maana alijua nimelipata wapi neno hilo. Lakini alirudia.

Alimaliza. Katika darasa lao walimaliza wachache mno, na alipata ukarani katika ofisi moja karibu na Posta. Kwa mshahara wake wa kwanza alikuja na kanga, doti mpya, nyekundu yenye mabaka meusi. Niliifungua, nikaibusu, nikalia. Kisha nikaona kuna doti nyingine kama hiyo kwenye karatasi.

"Hiyo ya nani?"

"Ya mama mdogo," akasema. "Nitampelekea jioni."

Nikamwambia amfikishie salamu zangu. Yangu nikaiweka sandukuni. Nilisikia kwa watu kwamba yeye ya kwake aliivaa kila alipotoka, harusini na msibani, na akiulizwa nani kamnunulia alijibu ni mwanawe.

Sijawahi kuivaa. Sikutaka tukutane njiani tumevaa sare.