Leso Iliyobaki Thornton Heath

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mama akirudi asubuhi kutoka kazini hakuvua koti kabla hajaniwekea kiganja mbele ya pua. Alitaka kujua kama napumua. Mimi nilikuwa nimeshaamka zamani, nikijifanya nimelala, na wakati mwingine nilibana pumzi kwa utundu tu. Mungu anisamehe. Sikujua nilikuwa nikichezea nini.

Tulikaa Thornton Heath, Uingereza, chumba kimoja juu ya duka la nywele, mimi na yeye. Chumba cha pili alikaa Mama Sharon, Mkenya mwenzetu, aliyenisikilizia ukutani mama akiwa shifti ya usiku. Mama alikuwa akitunza wazee wa watu, na wa kwake mwenyewe alishindwa kumzika. Nyanya alipofariki kule Bungoma, makaratasi ya mama ya kukaa Uingereza yalikuwa hayajatoka. Angeondoka, asingeruhusiwa kurudi. Hakwenda. Siku ya tatu baada ya mazishi babu akampigia simu, akatamka maneno ambayo mama alikuja kunieleza bila kuyapunguza: "Hukumzika mamako. Na wewe hutazikwa na mtoto wako."

Mtoto alikuwa mmoja tu, mimi, na maana yake ningemtangulia kaburini.

Kwetu laana ya mzazi si hasira za kupita. Huondolewa na aliyeitamka, tena akiwa hai: anajaza maji kinywani, anamtemea mwanawe, anatamka baraka. Mwana akiwa mbali hutemewa nguo yake, lakini iwe nguo aliyoivaa, yenye jasho lake, isiyofuliwa. Mzee akifa kabla ya hapo, basi, hakuna wa kuifungua.

Na mama alikuwa ameokoka! Kanisa letu lilikodi ukumbi wa shule, na nilimwona kwa macho yangu akibatizwa kwenye tangi la plastiki. Alitoka akitetemeka kwa baridi, pasta akitangaza kwamba sasa ni kiumbe kipya, kwamba dhambi haina tena mamlaka juu yake, wala laana. Mama aliitikia amina kuwashinda wote. Jumatatu asubuhi kiganja kilikuwa puani pangu kama kawaida.

Ndipo habari zikaja kwamba babu hajiwezi, na amekubali kuitemea nguo. Mama Sharon alikuwa anasafiri kwenda Kenya wiki hiyo hiyo. Mama akavaa leso yake ya zambarau, kanga yake ya kujifunga, siku tatu mfululizo, akaikunja, akaitia kwenye mfuko, akanituma nimpelekee. Akanionya nisimwambie mtu yeyote kanisani. Aliona haya, alikuwa akiongea nami huku akitazama dirisha. Kisha akajilaza, usingizi ukamchukua papo hapo.

Ningependa kusema niliyoyafanya yalitoka kwenye imani. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa ametufundisha kwamba Yesu alishamaliza kila kitu, nami nilijiambia hivyo nikiwa koridoni na mfuko wangu. Lakini ukweli ni kwamba leso ile ndiyo niliyojifunika kila mama alipokuwa kazini. Ilikuwa na harufu yake, na sikuwa radhi kuiachia. Nilirudi ndani nikinyata, nikatoa kabatini leso mpya ambayo hajawahi hata kujifunga, nikaibadilisha. Ya zambarau nikaificha chini ya vitabu vyangu.

Babu aliitemea maji leso mpya, akafa siku ya nne. Tangu hapo kiganja hakikurudi tena puani pangu. Mama alianza kuimba akipika. Alinenepa. Kanisani alisimama akashuhudia kwamba Kristo amemweka huru, watu wakashangilia, mimi nikawa natazama viatu vyangu. Ushuhuda ule ulikuwa wa kweli kuliko alivyojua. Hakuna mate yaliyomgusa. Kama alikuwa huru, basi alikuwa huru tangu siku ya tangi, ila yeye alimshukuru Yesu kwa mdomo na babu kwa moyo.

Nilikaa na siri hiyo miaka ishirini na miwili. Mwaka jana figo zake ziliposhindwa kabisa, niliketi kando ya kitanda chake hospitalini, nikamwekea leso ya zambarau mapajani, nikamweleza yote. Nilitaka afe akijua nani hasa alimfungua. Nilikuwa nimejipanga kama mhubiri.

Aliinusa.

"Kwa hivyo mzee hakunifungua," akasema.

"Mama, ulikuwa umeshafunguliwa. Si mimi huyu hapa, mzima?"

"Bado sijafa, Nekesa."

Akainua mkono wake wenye mirija, akaniwekea kiganja mbele ya pua.

Wiki tatu zilizobaki alizimaliza hivyo. Alinisihi nisiendeshe gari, nisipande basi, nilale palepale kwenye kiti anapoweza kuniona. Niliita jambo lile kusema kweli. Leo naliita kwa jina lake: nilikuwa nimechoka kubeba, nikamtwika mgonjwa. Kuwekwa huru ni kitu kimoja, kusadiki kwamba uko huru ni kingine, na hicho cha pili mimi ndiye niliyempokonya.

Tulimzika mvua ikinyesha. Pasta alinipisha niwe wa kwanza kutupa udongo, nami nikasimama ukingoni pale, hai, vidole vimejaa matope. Ni siku hiyo moja tu ambayo ingeweza kumtoa hofu, na hakuwa na macho ya kuiona.

"Nimekuzika, mama," nikamwambia. "Mimi mwenyewe."